Pingili Saba za Shingo

1

TAARIFA YA UKAGUZI

Mahali: Jikoni, nyumba ya E. Mrutu, Same.
Mkaguzi: E. Mrutu, Afisa Mifugo (mstaafu).
Sababu ya ukaguzi: Sauti.
Kilichokutwa: Paka jike mmoja, wa kijivu, mwembamba, hana mwenyewe. Watoto watatu, hai, macho hayajafumbuka. Wote wamo ndani ya beseni la kukandia unga la marehemu mke wa mkaguzi, juu ya kitenge cha marehemu mke wa mkaguzi.
Maelezo ya ziada: Mkaguzi hakuwa ameingia chumba hiki kwa miezi minne.
Uamuzi (futa isiyohusika): inafaa / haifai / isubiri

Hakufuta lolote. Alirudisha kalamu mfukoni, akasimama mlangoni, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama machinjioni. Yule paka naye akamkagua.

*

Nikwambie huyu mzee ni nani, maana yeye mwenyewe hatasema.

Elisante Mrutu alikagua nyama ya mji huu kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna ng'ombe, mbuzi wala kondoo aliyetundikwa machinjioni bila yeye kumpitishia kisu na jicho: ini, mapafu, wengu, tezi za shingoni. Akiridhika alipiga muhuri wa zambarau, na watu wakala. Asiporidhika, mzoga ulifukiwa, hata kama ni wa mkwe wake. Watu walimwogopa, walimwamini, na walilala bila kuumwa tumbo.

Kitu kimoja tu hakukijua: nyama ikishatoka kwenye ndoano, inafikaje kwenye sahani? Hapo katikati palikuwa na Namkunda, mkewe.

Kwao kila kipande cha kondoo kina mwenyewe. Paja ni la mgeni. Kidari ni cha shemeji. Kichwa ni cha wazee waliokuja kikaoni. Ini ni la baba mwenye nyumba: lichomwe, lije la kwanza, lije la moto, lije sebuleni. Shingo haitajwi. Shingo inabaki jikoni na walioko jikoni, na mlango unafungwa.

Namkunda alifariki mwezi wa pili. Siku tanga lilipoanuliwa, Elisante aliufunga ule mlango kwa mkono wake na kuhamishia maisha sebuleni: birika la umeme, chai ya rangi, mkate, ndizi mbivu. Suruali ikaomba mkanda, mkanda ukaomba tundu jipya. Kila binti yake Nakijwa alipopiga simu kutoka Dar es Salaam kuuliza, "Baba, umekula?" alijibu, "Nimekula." Hakuwa anadanganya, mkate nao ni chakula.

Kisha ndiyo ile sauti.

2

(Buchani kwa Shafii. Jumatatu asubuhi.)

— Shikamoo, Bwana Mifugo.

— Marahaba, Shafii. Hujambo?

— Sijambo, mzee. Leo nikukatie ini?

— Hapana. Kuna paka amezaa kwangu.

— Hongera!

— Nataka kitu cha kumpa mzazi. Cha bei rahisi.

— Kuna shingo ya kondoo. Hiyo haina mgombaniaji.

— Haya.

— Nikukatie kwenye pingili?

— Kwani wewe huwa unakatia wapi?

(Shafii anacheka. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa pili mzee huyu kumkaripia mtu.)

*

Kumbukumbu za majaribio, kwa mwandiko wa mkaguzi, nyuma ya kalenda:

Jaribio la 1. Shingo, maji, moto mkali, nusu saa. Matokeo: soli ya kiatu. Paka alikunywa supu, akaiacha nyama, akanitazama.

Jaribio la 2. Saa moja. Povu halikuenguliwa. Mkaa ulikuwa na unyevu, moshi mwingi. Paka alikula. Mkaguzi alionja kijiko kimoja, kwa madhumuni ya ukaguzi tu.

Jaribio la 3.

*

La tatu hakuliandika. Nitakuandikia mimi.

Aliinjika sufuria saa nne asubuhi. Akaengua povu mpaka maji yakatakata. Akatumbukiza kipande cha tangawizi alichokikuta kwenye kikapu cha Namkunda, kimesinyaa kama kidole cha bibi kizee, akatia na chumvi kidogo kwa kubahatisha. Akapunguza mkaa, vikabaki vipande vinne, akafunika, akaenda kukaa kwenye kiti chake sebuleni. Usingizi ukampitia.

Alipoamka ilikuwa saa saba mchana na nyumba nzima ilikuwa inanukia.

Inanukia Jumapili. Inanukia watoto wamerudi kanisani na soksi zimetupwa kila mahali. Inanukia mtu anayeimba nusu ya pambio, kisha analisahau, anaanza jingine. Alisimama kabla akili yake haijasimama, akaita kwa sauti ya kila siku:

"Mama Nakijwa, leo kuna nini huko, mbona leo




Jikoni.

Paka. Beseni. Macho sita yaliyofumbuka juzi.

Sufuria.

Alikula kwa mkono, wima, pingili baada ya pingili, akinyonya uboho, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nyama iliuachia mfupa yenyewe. Alilia, tena alilia sana, lakini hakuacha kula ili alie vizuri. Alifanya yote mawili kwa pamoja. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amezishika shingo za kondoo kwa mikono hiyo hiyo, akatafuta ugonjwa, akapiga muhuri, akapita. Hakuwahi kujua kwamba utamu wote wa kondoo umejificha kwenye kile kipande kisicho na mwenyewe.

3

Hapa ndipo alipoharibu.

Alhamisi alirudi buchani, na Shafii akamuuliza, "Vipi, mzee, wamekula?" Angeweza kusema, nimekula mimi. Maneno mawili. Lakini Bwana Mifugo kula shingo! Mtu aliyeletewa ini la moto sebuleni maisha yake yote, aje asimame mbele ya wateja atamke kwamba amekula masalio ya jikoni, tena wima, tena akiwa analia? Mdomo ukamtangulia.

"Wamekula," akasema. "Wameipenda mno."

*

Yaliyosikika buchani katika wiki zilizofuata:

"Leo wangependa na mbavu kidogo."

"Shafii, una limao?" "La paka?" "La... ndiyo."

"Mzee, paka mmoja na watoto watatu wanamaliza shingo nzima kwa siku mbili?" "Wanakua."

"Mwaka huu nami nizaliwe upya niwe paka kwa Mrutu."

*

Ukweli ulikuwa sufuria mbili.

Ndogo ilikuwa ya paka. Haina chumvi, haina kitunguu, haina kitunguu saumu, maana vitunguu humharibu paka damu, na hilo Elisante asingelisahau hata kama angesahau jina lake. Kubwa ilikuwa ya kwake. Humo alikuwa ameshajua kwamba tangawizi inatangulia, kitunguu kinafuata, nyanya haina haraka, pilipili manga inakuja mwisho, na limao linakamuliwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Mafuta ya kondoo yakipoa yanaganda mdomoni, kwa hiyo alikula yakiwa ya moto, amekaa kwenye kigoda cha Namkunda, magoti yamefika kifuani. Mkanda ukarudi tundu moja.

Watoto wa paka sasa walikuwa na majina. Mweupe, mpole, anayekaa alipowekwa: Inafaa. Mweusi aliyepanda pazia akashuka nalo, akaingia kwenye kiatu cha kanisani akalala humo: Haifai. Na yule mdogo kabisa, wa kijivu kama mama yake, ambaye wiki ya kwanza haikujulikana kama ataishi: Subiri.

Subiri aliishi. Sasa hivi anautafuna mkanda wa mzee.

*

(Ujumbe wa sauti. Kutoka kwa Mama Shamimu, jirani. Kwenda kwa Nakijwa, Dar es Salaam.)

"Nakijwa mwanangu, hujambo, mimi sitaki ugomvi na mtu. Lakini baba yako, mwanangu. Baba yako anapikia paka. Sisemi anawatupia, nasema anawa-pi-ki-a. Na lile sufuria kubwa la mama yako! Nimesimama uani nikamwona kwa macho yangu, anaonja, anaongeza limao, anafunika. Nikamuuliza, Baba Nakijwa, unapika nini? Akaniambia, chakula cha paka. Na tangawizi, Nakijwa! Yeye mwenyewe sijamwona akila, pale mezani ni kikombe cha chai tu tangu msiba. Na anaongea nao. Anamwambia paka, Haifai, shuka. Mimi nasema huzuni imempanda kichwani. Njooni mumchukue kabla haja"

(Ujumbe unaishia hapo.)

*

MUHTASARI WA KIKAO CHA DHARURA CHA FAMILIA YA MZEE E. MRUTU
KILICHOFANYIKA KWA NJIA YA SIMU, JUMAPILI, SAA 10 ALASIRI

Waliohudhuria:
1. Nakijwa E. Mrutu – Mwenyekiti na Katibu
2. Mbazi E. Mrutu – Mjumbe, Mwanza (mtandao ulikuwa ukikatika)

Asiyehudhuria kwa sababu hakualikwa:
1. Baba

Agenda ya 1: Kufungua kikao. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kulia kidogo.

Agenda ya 2: Hali ya Baba. Mwenyekiti aliwasilisha taarifa ya Mama Shamimu. Mjumbe alihoji kama Mama Shamimu huwa hatii chumvi. Mwenyekiti alijibu kwamba hata tukiondoa chumvi yote, kunabaki sufuria, limao na paka watatu wenye majina.

Maazimio:
(a) Mwenyekiti asafiri Ijumaa ijayo akaone kwa macho yake.
(b) Ikithibitika kwamba Baba hajipikii na hali, Baba ahamie Dar es Salaam kwa Mwenyekiti, na nyumba ya Same ipangishwe.
(c) Paka watafutiwe

Mjumbe alikatika.

4

Wewe unayesoma. Ndiyo, wewe. Una kamba ya kiatu?

Sisi hatumjui mtu kwa uso, uso uko mbali huko juu. Tunamjua mtu kwa vidole vya miguu. Wa kwetu ana kumi, ni vizee, vinaning'inia kwenye ndara na vinarukika vizuri ukitokea chini ya kabati. Ukivirukia anasema Haifai! hata kama ni Subiri. Kisha anacheka, na akicheka tumbo linatikisika, na tumbo likitikisika ni pazuri pa kulala.

Asubuhi tunapigana. Mchana tunapigania mkia wa mama. Sufuria ikianza kuongea tunakaa mstari mmoja, watatu, kimya kabisa. Mzee naye anakaa mstari huo huo, juu ya kigoda.

Kamba ya kiatu, umesema unayo?

5

Nakijwa alimpigia kumwambia anakuja. Alisema kwa upole, kama watu wanavyoongea na mgonjwa, na akataja kuhama kana kwamba ni jambo la kupita tu. "Utapumzika, baba. Kuna chumba chako. Dada wa kazi anapika, utakuwa unaletewa mezani."

Hapo maji yalimfika shingoni.

Si kwamba hampendi binti yake. Anampenda mpaka anaogopa. Lakini aliiona ile meza. Ghorofa ya tatu, kiti cha baba, paja la mgeni, ini la moto, la kwanza, na mlango wa jikoni umefungwa. Angeletewa mpaka afe. Na yeye, akiwa na miaka sitini na mitatu, ndiyo kwanza ameingia jikoni. Hakutaka kutolewa.

Angeweza kumwambia palepale kwenye simu: shingo naila mimi. Alifungua mdomo. Akasema, "Karibu sana, mama."

*

Subiri alikuwa amelala kifuani kwake. Mzee akamshika nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, pale ambapo mama paka humbebea, akashuka taratibu akihesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Kondoo ana pingili saba shingoni. Paka ana saba. Hata twiga, na urefu wake wote ule, ana saba. Hilo alifundishwa chuoni akiwa kijana, akajibu kwenye mtihani, akapata vema. Sasa akapeleka vidole nyuma ya shingo yake mwenyewe, akapapasa, akazipata zote. Akafikiri: na Namkunda alikuwa nazo saba, na sikuwahi kuzihesabu.

Subiri akamng'ata kidole.

*

ORODHA YA SHUKRANI (nyuma ya kalenda, chini ya majaribio, haina tarehe)

Kwa paka, kwa kuchagua beseni hilo na si la jirani.

Kwa Mungu, kwa kuweka mafuta shingoni.

Kwa Shafii. Alishajua. Juzi ameweka malimao mawili kwenye fuko bila kuulizwa na akasema wasalimie paka. Hakucheka. Mtu akikuachia uongo wako mpaka uwe tayari kuuweka chini mwenyewe, huyo amekuheshimu.

Kwa Haifai, kwa pazia. Sebule ina mwanga sasa.

Kwa Mama Nakijwa, kwa tangawizi iliyobaki. Kwa kigoda. Kwa kutoniambia? Au nikulaumu kwa kutoniambia? Ulikula nini miaka yote hiyo, Namkunda, mimi nikiwa na ini? Ulikuwa unabakiwa na masalio? Au ulikuwa

6

Ijumaa, saa nane mchana, Nakijwa alishuka na begi moja na bahasha moja.

Kwanza alimkumbatia baba yake na kumpima kwa mikono, mabega, mbavu, bila kujificha. Kisha akaangalia sebule isiyo na pazia. Kisha akaangalia chini, ambako mweusi mmoja alikuwa ameshaifungua kamba ya kiatu chake.

"Huyu ndiye Haifai?"

"Ndiye. Amekukaribisha huyo."

Nakijwa ni mtoto wa mkaguzi. Alipokuwa darasa la tano ndiye aliyekuwa akimjazia baba yake fomu za Jumamosi, na fomu zile bado zilikuwepo kwenye droo, rundo zima, karatasi zimekuwa za njano. Alichomoa moja. Palipoandikwa *Mzoga* akapiga mstari, akaandika *Baba*. Elisante aliona. Hakupinga, maana umbo la fomu lilikuwa sahihi.

"Tule kwanza," akasema mzee.

Alikuwa amejiandaa siku mbili. Mgeni ni wa paja, kwa hiyo alikuwa amenunua paja, na Shafii alipoagizwa alishangaa lakini akakata. Aliliweka motoni kwa mkono wa mtu mwenye hofu: moto mkali kwanza, mkali katikati, mkali mwisho. Akaleta mezani sahani mbili, na pembeni akaweka ini la kuchoma kwenye kisahani, akakisogeza mbele ya binti yake badala ya kwake.

Nakijwa akatafuna.

Akatafuna.

Akanywa maji. Akatafuna tena.

"Ni... limekauka kidogo, baba."

"Kidogo."

"Huwa unakula hivi kila siku?"

Mzee aliangalia sahani. Hapo angesema ndiyo, angekuwa ameshindwa. Angesema hapana, angeulizwa anakula nini. Nakijwa akaitazama ile shingo ya baba yake, aliyoikumbuka imejaa kwenye kola ya koti jeupe la kazi, akavuta fomu, akashika kalamu, machozi yakamjaa. Alikuwa amekuja na uamuzi nusu ndani ya ile bahasha, na sasa nusu ya pili ilikuwa inakauka mezani.

Jikoni kitu kikaanguka.

Kifuniko.

Kilizunguka sakafuni kwa sauti ndefu, kikalala. Kisha harufu ikaingia, haikubisha hodi.

Nakijwa aliinua kichwa.

"Baba. Kuna nini huko?"

"Ya paka."

"Ya paka?"

"Chakula cha paka, mama, kaa tu, ule pa—"

Alishasimama. Jikoni alimkuta Inafaa amekaa kando ya kifuniko kama aliyeitwa kutoa ushahidi, na Subiri amesimamia miguu ya nyuma, na kwenye jiko la mkaa sufuria kubwa la mama yake likichemka taratibu, kwa saa ya tatu sasa. Pembeni palikuwa na sufuria ndogo nyeupe, supu yake haina harufu wala rangi. Akaangalia hili, akaangalia lile. Akachukua upawa. Akapuliza. Akaonja.

Mzee alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

Nakijwa akaonja tena, bado amempa mgongo.

"Hii ni shingo," akasema.

"Ni shingo."

"Ina limao."

"Limao ni la mwisho. Ukiepua."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nilisinzia."

Akageuka sasa, na uso wake wa mwenyekiti wa kikao haukuwepo tena, ulikuwepo ule wa darasa la tano.

"Mama alikuwa anatupa hii. Mimi na Mbazi. Kila Jumapili. Ukishapelekewa ini lako anaufunga mlango kwa mguu, hivi, kwa kisigino, mikono ina sufuria. Anasema, haya, baba yenu ameshapata cheo chake, sisi tule nyama."

Mzee alishika mwimo wa mlango.

"Alisema hivyo?"

"Kila Jumapili! Tunakaa chini hapa, yeye kwenye kigoda. Tunahesabu pingili. Mbili zangu, mbili za Mbazi, mbili za mama. Ya saba ni ya atakayeosha vyombo. Baba, tulikuwa tunaigombania ile kazi ya vyombo!"

Zile Jumapili alizikumbuka pia, kwa upande wa pili wa mlango. Ini liko mezani, redio inasoma vifo na matangazo, na huko ndani wanacheka. Alidhani ni mambo ya watoto. Mara nyingine alidhani wanamcheka yeye. Alimaliza ini lake, akafuta mdomo, akashukuru kwa sauti kupitia ukuta, na kicheko kikazidi.

Kwa hiyo hakuwa akibakiwa. Namkunda hakuwa akibakiwa hata kidogo. Furaha ilimpanda mzee mpaka ikamuuma, na nyuma ya furaha kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha mtoto aliyeachwa nje ya mchezo.

"Mbona hamkuniita?"

Nakijwa alimwangalia. Alikuwa na upawa mkononi, supu ikidondoka sakafuni, na Haifai alikuwa ameshafika kwenye tone la kwanza.

"Wewe ulikuwa na ini, baba."

*

Hapa walinyamaza wote wawili. Nami nitanyamaza.

 

 

*

"Na hii ya leo," Nakijwa akauliza baadaye, "ilikuwa ya nani? Sema ukweli."

"Yangu."

"Na za wiki zote hizo? Alizoziona Mama Shamimu?"

"Zangu. Zote. Paka wanakula ile ndogo. Nilimwambia Shafii ni za paka kwa sababu..." Alitafuta. "Kwa sababu shingo haina mwenyewe."

"Sasa ina mwenyewe?"

Elisante Mrutu, Afisa Mifugo, mstaafu, alivuka kizingiti. Alisogeza kigoda kwa mguu, akakaa, magoti yakafika kifuani. Akanyoosha mkono kuomba upawa.

"Leta sahani," akasema. "Mimi naosha vyombo."

7

FOMU YA UKAGUZI

Mahali: Jikoni.
Mkaguzi: N. E. Mrutu.
Kilichokaguliwa: ~~Mzoga~~ Baba.
Uzito: Umepungua, unarudi.
Macho: Mekundu. Si ugonjwa.
Shingo: Ipo. Pingili zote saba.
Maelezo ya ziada: Mtuhumiwa amekiri.
Uamuzi (futa isiyohusika):

*

Wewe baki hapa sebuleni.

Usikasirike, ni nafasi nzuri. Kiti ni cha baba, kina mto. Dirishani mwanga unaingia wote, shukrani kwa Haifai. Mezani kuna paja ambalo hatulizungumzii, na kisahani cha ini ambacho hakuna aliyekigusa. Ni la moto bado kidogo. Ni lako, maana leo mgeni ni wewe.

Fomu iko hapo hapo, karibu na mkono wako. Nakijwa alikuja akaijaza wima, haraka haraka, akafuta alichofuta, akarudi ndani. Haifai amelala juu yake, chali, hasa hasa pale penye uamuzi. Ukitaka kujua Jumapili basi la Dar litaondoka na watu wangapi, mwamshe. Mikwaruzo itakuwa yako.

Huko jikoni wamegawana. Tatu za binti, tatu za baba. Sasa wanabishana kuhusu ya saba, maana binti naye anataka kuosha vyombo. Sauti ya mzee imepanda. Sauti ya binti imepanda zaidi. Kitu kimemwagika, paka mmoja amefukuzwa, amerudi.

Halafu mlango.

Umefungwa kutoka ndani, polepole, kwa kisigino cha mtu mwenye ndara.

Kuna mtu amesema jambo. Fupi tu. Wa kwanza akacheka, kisha wa pili, kisha wote wawili kwa pamoja, vile watu wanavyocheka mpaka wanashikilia ukuta.

Umesikia alichosema?

Hata mimi sikusikia.

Kula ini lako, linapoa.